Kusoma na Kuimba Ukurasa wa Kitabu cha Kwaya cha Zama za Kati: Mwongozo kwa Anayejua Do-Re-Mi

Kama umewahi kusimama kwenye kwaya ya parokia na karatasi ya fotokopi mkononi, yenye d, r, m, f, s, l, t zilizopangwa juu ya maneno, nusu ya kazi umeshaimaliza. Unaweza kuimba kutoka kwenye kitabu kilichoandikwa juu ya ngozi ya ndama miaka 700 iliyopita. Sikutanii. Solfa yetu ilipangwa Uingereza karne ya 19 na Sarah Glover na John Curwen, lakini majina ya sauti zake ni ya zamani zaidi: yametoka kwa Guido wa Arezzo, mmonaki wa Italia aliyekuwa akifundisha waimbaji miaka ya 1020 na 1030. Guido alilalamika kwamba waimbaji wa siku zake walikaa miaka kumi wakijifunza na bado mtu hakuweza kuimba wimbo asioujua bila mwalimu kumtangulia. Dawa yake ilikuwa mistari na majina ya sauti. Vitabu vikubwa vya kwaya vyenye herufi za dhahabu, ambavyo watu huvitazama kama mapambo ya ukutani, vinatembea juu ya dawa hiyo hiyo.

Nasisitiza neno kuimba. Ukurasa wa namna hii ukiutazama tu bila kuutoa sauti, umeona sahani hujaonja pilau. Tutaanza na kuchagua kitabu, tutamalizia na wimbo mdomoni.

Unachohitaji: simu yenye skrini nzuri, au afadhali kompyuta, daftari na penseli, Biblia yoyote ya Kiswahili. Kilatini si lazima ukijue, ila ukikumbuka *Sanctus* na *Agnus Dei* za bibi yako zitakufaa.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kisichokuvunja moyo

Maktaba nyingi za Ulaya zimepiga picha vitabu vyao na kuviweka wazi bure. Tovuti ya e-codices ina vitabu vya Uswisi, Gallica ni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na DigiVatLib ni ya Maktaba ya Vatikano. Zote tatu unavuta picha karibu mpaka unaona vitundu vya vinyweleo vya mnyama.

Kosa la wengi, na langu lilikuwa hilo hilo, ni kuanza na vitabu maarufu zaidi. Maarufu zaidi ni vya abasia ya St. Gallen, Uswisi, vya karne ya 10, na havina mistari kabisa. Unaona mikwaruzo midogo juu ya maneno, basi. Nilikaa navyo wiki nzima nikidhani picha zangu hazijafunguka vizuri. Tutavirudia mwishoni.

Anza na kitabu cha kati ya mwaka 1250 na 1500, chenye mistari minne na noti za mraba. Ukipata cha Wadominikani umebahatika. Shirika hilo lilisawazisha liturujia yake mwaka 1256 chini ya mkuu wao Humbert wa Romans, na wanakili wakapewa masharti makali: mistari minne, noti za mraba, hakuna kujibunia. Kwa hiyo mwandiko wao ni msafi. Mfano mzuri ni graduali (kitabu cha nyimbo za Misa) ya watawa wa St. Katharinenthal ya mwaka 1312, ambayo leo iko kwenye jumba la makumbusho la taifa huko Zürich. Vitabu vingi vya Ujerumani epuka kwa sasa. Wao walibaki na noti zenye umbo la msumari wa kwato za farasi, na macho yanahitaji kuzoea.

Hatua ya 2: Jua ni kitabu gani

Kuna viwili vya kuvijua kwanza. Graduali ina nyimbo za Misa: wimbo wa mwanzo, wimbo wa katikati, aleluya, wimbo wa vipaji, wimbo wa komunyo. Antifonari ina nyimbo za Sala ya Vipindi, yaani Masifu ya Asubuhi, ya Jioni, na masomo ya usiku.

Namna ya kuvitofautisha haina ujanja. Mwaka wa Kanisa huanza Majilio, kwa hiyo kitabu nacho kwa kawaida huanza hapo. Tafuta ukurasa wa kwanza wenye herufi kubwa ya fahari. Ukisoma *Ad te levavi animam meam*, umeshika graduali, hayo ni maneno ya Zaburi ya 25, "Ee Bwana, nakuinulia nafsi yangu." Ukikuta *Aspiciens a longe*, ni antifonari. Kama kurasa za mbele zimechanika, na mara nyingi zimechanika, pitia katikati: antifona nyingi fupi fupi, yaani nyimbo ndogo zinazoimbwa kabla na baada ya zaburi, ni dalili ya antifonari.

Hapa kuna mtego mdogo. Biblia ya Kilatini huhesabu zaburi tofauti na Biblia nyingi za Kiswahili. Kuanzia ya 10 hadi ya 147, namba ya Kilatini kwa kawaida ni pungufu kwa moja. Zaburi 24 ya kitabu cha ngozi ni Zaburi 25 ya Biblia yako. Ukisahau hili utapoteza jioni nzima ukitafuta mstari usiokuwepo.

Hatua ya 3: Acha herufi kubwa ikuambie sikukuu

Kitabu cha kwaya mara nyingi hakikuwa na namba za kurasa za kumfaa mwimbaji. Mwimbaji aliongozwa na ukubwa wa herufi. Sikukuu kubwa ilipewa herufi yenye picha ndani yake. Dominika ya kawaida ilipewa herufi ya rangi yenye nyuzi za wino, nyekundu na buluu zikipokezana. Aya ndogo ilipewa herufi nyeusi iliyonenepeshwa tu. Ukipekua haraka, herufi hizo ni kama vibao vya barabarani.

Jifunze chache kwa moyo. A ya *Ad te levavi*: mfalme Daudi anainua mikononi kimtu kidogo kilicho uchi kuelekea mbinguni. Hicho kimtu ni nafsi yake. Mchoraji amechukua maneno jinsi yalivyo. P ya *Puer natus est nobis*: Krismasi, mtoto na ng'ombe na punda. R ya *Resurrexi*: Pasaka, Kristo akitoka kaburini. V ya *Viri Galilaei*: Kupaa Bwana, na hapa angalia juu kabisa, maana mara nyingi unaona nyayo mbili tu zikimalizikia ndani ya wingu na mitume wamekodoa macho. S ya *Spiritus Domini*: Pentekoste. T ya *Terribilis est*: kutabaruku kanisa, mara nyingi askofu mlangoni. N ya *Nunc scio vere*: Petro na Paulo, Petro akitolewa gerezani na malaika.

Sasa vuta picha karibu kwenye dhahabu. Dhahabu nzuri haikupakwa kama rangi. Mchoraji alitengeneza kwanza kinundu cha chokaa laini na gundi, mara nyingi akachanganya na udongo mwekundu, akakiacha kikauke, akakipulizia pumzi kipate unyevu kidogo, kisha akalaza jani la dhahabu lililofuliwa likawa jembamba mno. Mwisho alisugua kwa jiwe laini, au kwa jino la mbwa lililofungwa kwenye mpini, mpaka ling'ae. Ndiyo maana kwenye picha unaona dhahabu imevimba na kushika mwanga upande mmoja. Pale ilipobanduka, tazama chini yake: utaona ule udongo mwekundu au wa pinki ukichungulia. Huo ni ushahidi kwamba unaangalia kazi ya mkono, tabaka juu ya tabaka.

Buluu nayo ina hadithi. Ile ya bei ghali ilitokana na jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, likasafiri nchi kavu na baharini mpaka Ulaya. Asiyeweza gharama alitumia azuriti, jiwe la shaba, ambalo hutoa buluu inayoelekea ukijani. Nyekundu kali ilitengenezwa kwa zebaki na salfa. Nyekundu ya machungwa ilitoka kwenye risasi, na kwa Kilatini iliitwa *minium*. Maandishi yenyewe ni wino wa vinundu vya mwaloni vilivyochemshwa na chumvi ya chuma, ukakolezwa na gundi ya mgunga. Wino huo kwa miaka mingi hugeuka kahawia na wakati mwingine hula ngozi mpaka inatoboka.

Mapambo ya pembezoni usiyapite. Kitabu kinachoitwa Kitabu cha Bata Bukini kilitengenezwa kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Laurenti mjini Nuremberg kati ya 1503 na 1510. Majuzuu yake mawili yana zaidi ya kurasa 1,000 na leo yako New York, kwenye maktaba ya Morgan. Chini ya ukurasa mmoja mchoraji ameweka kwaya ya bata bukini wakiimba kutoka kwenye kitabu kikubwa, na mwalimu wao wa kwaya ni mbwa mwitu. Kila mwanakwaya anayeona picha hiyo humkumbuka mtu fulani.

Na kuna Gisela wa Kerssenbrock, mtawa wa Kisistersiani wa Rulle, Ujerumani. Graduali inayobeba jina lake, ya karibu mwaka 1300, iko Osnabrück. Maelezo yaliyoongezwa mbele ya kitabu yanasema yeye ndiye aliyekiandika, akakitia noti na kukipamba kwa dhahabu. Kama alifanya yote peke yake, wataalamu wanabishana. Lakini kwenye picha ya Krismasi kuna kundi dogo la watawa wanaoimba, na mmoja ameandikiwa jina kichwani: Gisle.

Hatua ya 4: Wino mwekundu na vifupisho

Wino mwekundu hauimbwi. Ni maagizo: siku gani, saa gani, nani aanze. Kisha kuna alama za kuonyesha aina ya wimbo. A au *an* ni antifona. R iliyokatwa mkia ni kiitikizano. V yenye mkwaju ni aya, ambayo aghalabu ni ya mwimbaji mmoja au wachache. Ps ni zaburi, na hapo maneno machache tu huandikwa kwa sababu waimbaji walijua zaburi zote 150 kwa kichwa.

Maneno nayo hufupishwa. Kistari kidogo juu ya irabu kina maana kuna *m* au *n* iliyorukwa. *Dns* yenye kistari juu ni *Dominus*. *Scs* ni *sanctus*. *Xps* ni *Christus*, kwa sababu X na P hapo ni herufi za Kigiriki. *Ihu* ni *Iesu*. Ukizoea hayo, nusu ya ukurasa imefunguka.

Hatua ya 5: Soma maneno kabla ya noti

Hii hatua watu huiruka, kisha wanarudi wameinamisha kichwa. Andika maneno daftarini, silabi kwa silabi, kwa sababu kila kundi la noti limekaa juu ya silabi yake. Kilatini cha kanisani kwa Mswahili ni rahisi kuliko kwa Mwingereza: irabu tano zile zile. Zingatia tu kwamba *u* na *v* ni herufi moja, kwa hiyo *uiri* ni *viri*, na kwamba *ae* mara nyingi huandikwa *e* peke yake. Herufi *i, n, m, u* zote ni vijiti vilivyosimama, na neno kama *minimum* huonekana kama uzio wa matete. Hapo hesabu vijiti, usikisie.

Silabi moja ikiwa na noti ishirini, maneno yatakuwa yametawanyika mbali mbali kwenye mstari. Usidhani ni maneno mapya.

Hatua ya 6: Tafuta do

Hapa ndipo mwanakwaya wa solfa anawapita hata wanaosoma noti za kizungu.

Mwanzoni mwa kila mstari wa muziki kuna alama moja iitwayo ufunguo, imekaa juu ya mojawapo ya mistari minne. Ikifanana na herufi C, mstari huo ni do. Ikifanana na F, au na noti mbili tatu zilizogandana, mstari huo ni fa. Basi. Haikuambii ni do ya urefu gani; mwimbaji alianza pale koo lake liliporidhika, kama sisi tunavyofanya mwalimu anapopiga uma wa sauti au kukisia tu.

Kutoka hapo hesabu: mstari, nafasi, mstari, nafasi. Ufunguo wa C ukiwa mstari wa juu kabisa, mistari kutoka chini kwenda juu inakuwa re, fa, la, do. Ukiwa mstari wa tatu, inakuwa fa, la, do, mi. Ufunguo wa F ukiwa mstari wa tatu, inakuwa ti, re, fa, la. Iandike hiyo pembeni ya daftari.

Kwa nini C na F na si herufi nyingine? Kwa sababu chini ya do na chini ya fa ndipo ilipo hatua ndogo ya nusu: ti–do na mi–fa. Hapo ndipo mtu huteleza, kwa hiyo hapo ndipo penye kibao cha onyo. Guido alitaka mstari wa fa upigwe rangi nyekundu na wa do njano, na kuna vitabu vilivyofuata hivyo. Ukiona mistari ya rangi mbili, asante zimwendee yeye.

Onyo ambalo lingeniokoa aibu: ufunguo huhama. Wimbo ukipanda sana, mwandishi hakuongeza kimstari juu kama siku hizi. Alishusha ufunguo katikati ya safari. Mara ya kwanza nilipowaimbisha wenzangu wimbo wa namna hii, nilivuka ufunguo mpya bila kuuona, na tukaimba nusu nzima ya pili ya wimbo mahali pasipo pake kwa uhakika wa kusikitisha. Kila mstari mpya ukianza, angalia kushoto kwanza.

Kinyume chake kuna msaada mwishoni mwa mstari: kialama chembamba, kama nusu noti yenye mkia. Huiimbi. Inakuonyesha noti ya kwanza ya mstari unaofuata itakaa wapi, ili jicho lishuke likijua linakokwenda. Kama ufunguo umehama, alama hiyo ndiyo itakayokushtua.

Ukiona b ndogo ya mviringo ndani ya mistari, ti imeshushwa nusu, ile tunayoiita ta.

Hatua ya 7: Makundi ya noti

Noti za mraba zinaungana katika makundi yanayoitwa neuma. Majina yao ya Kilatini utayakuta kila mahali, lakini kinachohitajika ni kuyatambua.

Mraba mmoja peke yake, uwe na mkia au usiwe nao: sauti moja. Miraba miwili iliyopandana wima, hiyo ni *podatus*: imba ya chini kwanza, kisha ya juu. Wageni wote hukosea hapa, wanasoma kutoka juu. Miraba miwili ya juu kisha ya chini, kulia: *clivis*, unashuka. Tatu za chini-juu-chini: *torculus*. Kisha kuna kiumbe cha ajabu, mkwaju mnene unaoshuka kwa mshazari na kumalizikia na mraba juu yake. Ni *porrectus*, juu-chini-juu, na katika ule mkwaju zinazoimbwa ni ncha zake mbili tu. Usiteleze kupitia sauti zote za katikati. Mraba wenye mkia ukifuatwa na vialmasi vinavyoshuka ni *climacus*, na vialmasi hivyo si noti fupi. Vimekuwa almasi kwa sababu kalamu ya unyoya iliyokatwa bapa, ikishuka mshazari, huacha umbo hilo.

Midundo hakuna. Hakuna robo, hakuna nusu, hakuna tatu kwa nne. Noti zote chukulia zinakaribia kulingana, na mwendo uufuate kama unavyosoma zaburi kwa sauti, ukipumua mwisho wa wazo. Vistari vya wima unavyoviona hutenga maneno mara nyingi kuliko vinavyoonyesha pumziko.

Hatua ya 8: Zoezi lenyewe

Chukua utenzi wa Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, 24 Juni: *Ut queant laxis*. Guido aliutumia kwa sababu vipande vyake sita vya kwanza, kila kimoja huanza sauti moja juu ya kilichotangulia: Ut queant laxis, resonare fibris, mira gestorum, famuli tuorum, solve polluti, labii reatum. Umeona. Ut ikaja kugeuzwa do baadaye, na ti imeongezwa juu.

Tuseme ufunguo wa C uko mstari wa juu. Mstari wa chini kabisa ni re, kwa hiyo noti ya *Ut*, iliyoning'inia chini yake, ni do. *Que* imekaa kwenye mstari wenyewe: re. *Ant* iko mstari wa pili: fa. *La* ni podatus, re kisha mi. *Xis* inarudi re. Daftarini inakuwa:

*Ut – que – ant – la – xis*
d – r – f – r.m – r

Imba mara tano. Kisha *re-so-na-re fi-bris*: r – r – d – r – m – m. Umeshasoma noti za Guido, na hukuhitaji zaidi ya ulichofundishwa Jumamosi mazoezini.

Ukishazoea nenda *Puer natus*, wimbo wa mwanzo wa Misa ya mchana ya Krismasi. Silabi ya kwanza ni podatus inayoruka kutoka so mpaka re ya juu, sauti tano kwa pumzi moja, na *-er* inabaki pale pale. Ni mlango wa sikukuu uliofunguliwa kwa kishindo. Isaya 9:6 ndiyo maneno yake: "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa."

Hatua ya 9: Angalia unapotua

Noti ya mwisho ya wimbo hukuambia familia yake. Ukitua re, ni tuni ya 1 au ya 2. Mi, ya 3 au ya 4. Fa, ya 5 au ya 6. So, ya 7 au ya 8. Katika kila jozi, ya kwanza hupanda juu zaidi na ya pili huzunguka chini. Hii ndiyo sababu nyimbo hizi sikioni hazikai kama za leo: nyingi hazitui do.

Kwenye antifonari, baada ya antifona utakutana na neno lisilotamkika: EUOUAE. Ni irabu tu za *seculorum amen*, sE-cU-lO-rUm A-mEn, yaani mwisho wa Atukuzwe Baba, pale tunaposema "milele. Amina." Noti zilizo juu yake zinaonyesha namna ya kumalizia zaburi ili antifona irudi bila kujikwaa.

Hatua ya 10: Linganisha

Ingia kwenye hifadhidata iitwayo Cantus Database, andika maneno ya mwanzo ya wimbo wako, na itakuorodheshea vitabu vyenye wimbo huo na folio zake, yaani majani ulipo. Namba ya folio ikifuatwa na r ni upande wa mbele wa jani, v ni upande wa nyuma. Fungua viwili vitatu uvilinganishe. Utashangaa jinsi kitabu cha Ufaransa na cha Austria, vilivyopishana miaka 200, vinavyoimba karibu noti zile zile, kisha vikaachana kwenye sauti moja: huku wameruka mpaka fa, kule wameishia mi.

Angalia pia pembe za chini za kurasa. Weusi ule ni mafuta ya vidole. Ukurasa wa Pasaka na wa mazishi huchafuka kuliko wa mtakatifu mdogo wa wiki ya kazi. Na pale ngozi ilipokwaruzwa ikawa na manyoya, mtu amefuta noti kwa kisu na kuandika nyingine.

Ukipata nafasi ya kwenda maktabani mwenyewe: mikono misafi na mikavu, penseli tu, kitabu kilale kwenye mito yake. Na usinunue jani moja moja mtandaoni hata kama bei ni ya kuvutia. Majani mengi yanayouzwa yalinyofolewa kwenye vitabu vizima. Vitabu vya kwaya vya kanisa dogo la Sistina viliporwa na askari wa Ufaransa mwaka 1798, picha zake zikakatwa kwa mkasi na kupigwa mnada London mwaka 1825. Huko Ohio, Otto Ege, aliyefariki 1951, alivunja vitabu na kuuza majani yake kwa maboksi. Nyuma ya kila herufi nzuri iliyokatwa kuna wimbo ambao sasa una shimo.

Ukitaka kurudi St. Gallen

Sasa uko tayari. Fungua Cod. Sang. 390 na 391 (hizo ni namba za vitabu vya maktaba ya St. Gallen), antifonari ya Hartker, mmonaki aliyejifungia chumbani mwake kuanzia mwaka 980 hadi kufa kwake 1011. Ndani yake kuna picha ya Papa Gregori akimsomea mwandishi nyimbo huku njiwa akimnong'oneza sikioni. Hadithi nzuri, ila nyimbo hizi zilipata sura tunayoijua katika nchi ya Wafaranki karne ya 8 na ya 9, na Gregori alifariki 604.

Alama zake hazikuambii sauti. Zinakuambia mwelekeo na namna: panda, shuka, tetemesha. Herufi ndogo zinasaidia: *c* ni harakisha, *t* ni shikilia. Zilimfaa mtu aliyekwisha kuujua wimbo. Kwa hiyo fanya hivi: jifunze wimbo kwanza kutoka kitabu cha mistari, kisha uuimbe ukifuata kwa kidole kitabu cha Hartker. Cha mistari kitakupa sauti, cha Hartker kitakupa pumzi.

Ukimaliza, uandike wimbo wako kwa solfa, safi, na mgawie kila mwanakwaya nakala. Sauti ya nne watauliza besi yao iko wapi. Hakuna besi. Wote noti moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Watakaonung'unika waonyeshe wale bata bukini wa Nuremberg.